Maswali ya Wasomaji: Rezini ya Kikombe Kimoja

Barua za safari hii zimetoka Pangani, Njombe na Mombasa. Zote zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuchanganya rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, kidogo kidogo pasipo kuitupa nusu yake. Barua ya Pangani nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna makosa ambayo nayaona karibu katika kila karakana ninayoingia.

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi kijana wa boti hapa Pangani. Kazi nilijifunza kwa rezini ya polyesta, ile ya kupakia mati za faiba (mikeka ya nyuzi za kioo), lakini sasa wateja wananiletea epoksi, rezini ya chupa mbili, kwa ajili ya kuunga mbao za mashua na kuziba nyufa. Kwa siku nachanganya mara nne au tano, kila mara kati ya gramu 30 na 100. Lebo imeandika mbili kwa moja, nami napima kwa vifuniko vya soda: viwili vya rezini, kimoja cha hadena, yaani ile chupa ya pili ya kuigandisha. Vikombe vingine hunigandia mkononi kabla sijamaliza kazi, na vingine hubaki vinanata hata baada ya siku tatu. Nikiongeza hadena ili ikauke upesi, hali huwa mbaya zaidi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokupotezea mali nyingi kuliko mengine. Umeleta kwenye epoksi desturi ya polyesta, na vitu hivi viwili havigandi kwa njia moja ingawa vyote tunaviita rezini. Katika polyesta, ile dawa unayotia kwa matone, yaani katalisti, ni kama njiti ya kibiriti: inawasha tu, na kinachowaka ni rezini yenyewe, kwa hiyo ndani ya mipaka ya kiwanda unaweza kuongeza au kupunguza kidogo kufuatana na joto la siku. Katika epoksi, hadena si kibiriti bali ni nusu ya pili ya kitu chenyewe. Ichukulie rezini kuwa ni vifungo vya shati na hadena kuwa ni matundu yake, ambapo kila kifungo kina tundu lake. Ukizidisha hadena, matundu yanabaki matupu, na hadena ile isiyopata mwenzake hukaa ndani ya kazi yako ikiwa laini na yenye kunata. Ukipunguza, vifungo ndivyo vinavyobaki vikining'inia. Kwa vyovyote vile, hakuna siku wala juma litakalokausha kikombe ambacho hesabu yake iliharibika tangu mwanzo. Ukitaka epoksi inayokauka upesi au polepole, nunua hadena ya aina hiyo, maana wauzaji huwa na ya haraka na ya taratibu, lakini uwiano usiuguse.

Sasa tuje kwenye vifuniko. Wazee wetu walichanganya deheni ya chokaa na shahamu kwa kutazama tu, na ilipozidi kidogo upande huu au ule, chombo kilikwenda baharini na kurudi. Deheni husamehe, lakini epoksi haisamehi, na kadiri kikombe kinavyokuwa kidogo ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Hebu kitazame kifuniko chako baada ya kukimimina: kwenye kuta zake, hasa katika yale meno ya ndani, umebaki utando unaong'aa. Ikiwa kilibeba gramu 5 za hadena na utando huo ni nusu gramu tu, umekwisha kuipunguza hadena yako kwa sehemu moja ya kumi. Kwenye ndoo ya kilo tano nusu gramu haina maana, ila kwenye kikombe chako ndiyo tofauti kati ya jiwe na ulimbo. Ukishika jambo moja tu katika barua hii, shika hili: kinachopotea kabla ya kuchanganya huharibu uwiano, na kinachopotea baada ya kuchanganya hugharimu pesa tu. Kwa hiyo usihamishe kitu kutoka chombo hadi chombo kabla hakijakorogwa.

Hapo ndipo mizani inapoingia. Weka kikombe kitupu juu ya mizani ya dijitali, irudishe kwenye sifuri, mimina rezini, kisha mimina hadena juu yake katika kikombe hicho hicho. Huna haja ya kulenga namba nzuri wakati wa kumimina rezini, maana huwezi kuirudisha chupani ikizidi. Mimina unayoihitaji, soma namba, halafu piga hesabu ya hadena kutokana na namba hiyo. Tuseme rezini imesoma gramu 73 na hadena yako inatakiwa gramu 42 kwa kila gramu 100 za rezini. Mara 73 kwa 0.42 unapata 30.7, kwa hiyo endelea kumimina hadena taratibu hadi mizani isome 103.7. Hesabu hiyo simu yako itaifanya kwa sekunde tano, lakini mimi napendelea jedwali lililoandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa ukutani juu ya meza ya kazi, kuanzia gramu 20 za rezini hadi 150, kila gramu tano mstari wake, kwa sababu mkono wenye glavu iliyochafuka haushiki simu vizuri.

Pengine utauliza hiyo 42 imetoka wapi ikiwa lebo imesema mbili kwa moja. Hili limewakwaza mafundi wazuri kuliko wewe na mimi. Mara nyingi mbili kwa moja ya kwenye chupa ni kipimo cha ujazo, si cha uzito, na rezini ni nzito kuliko hadena. Ikiwa mililita moja ya rezini ina gramu 1.15 na mililita moja ya hadena ina gramu 0.97, basi mbili kwa moja ya ujazo ni gramu 100 kwa 42 za uzito. Anayepima kwa mizani kisha akatia gramu 50 kwa sababu lebo imesema nusu, amezidisha hadena karibu kwa moja ya tano, na kazi yake itanata hata kama mizani yake ni ya dhahabu. Tafuta karatasi ya maelezo ya kiwanda, ambayo kwa kawaida hutaja uwiano wote miwili. Usipoipata, chukua sirinji mbili mpya, vuta mililita 10 za kila kitu, pima uzito wa kila moja ukiondoa uzito wa sirinji, na uwiano wako wa uzito utautoa hapo. Fanya hivyo kila unapobadilisha aina ya epoksi, kwa sababu namba za kiwanda kimoja si za kingine.

Mizani yenyewe nayo ichague vizuri. Ile ya jikoni inayohesabu gramu moja moja inatosha kwa mchanganyiko wa gramu 300 na zaidi. Kwa gramu 30 haitoshi: rezini ikiwa 21, hadena inatakiwa iwe karibu 9, na mizani inayoonyesha 9 huenda inabeba 8.5 au 9.5, ambalo ni kosa la zaidi ya asilimia 5 kabla hata mkono wako haujakosea. Nunua mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, inayosoma sehemu moja ya kumi ya gramu, uivike mfuko mwembamba wa plastiki ili matone yasiiharibu. Zima feni unapopima, kwa sababu upepo wake huzichezesha namba ndogo. Tena mizani nyingi za bei nafuu hujizima zenyewe usipozigusa kwa muda mfupi, na zikiwashwa upya huanza sifuri mpya huku kikombe kikiwa kimejaa. Mimi hilo lilinipata nikiwa nimefikia katikati ya kumimina hadena, nikakisia kilichobaki, na kipande cha ukingo wa boti nilichokibandika siku ile nilikibandua kesho yake kwa kucha. Tangu hapo uzito wa kikombe kitupu nauandika ubavuni mwake kwa kalamu kabla sijatia chochote, hivyo mizani ikizima naweza kutoa hesabu na kuendelea.

Kuhusu kukoroga, tumia kijiti bapa kilichokatwa mraba kwenye ncha, si cha mviringo, na kikombe chenye sakafu tambarare. Koroga taratibu kwa dakika mbili kamili ukitazama saa, na kila baada ya mizunguko michache kwangua kuta, kwangua pembe ya chini, kisha kwangua kijiti chenyewe kwenye ukingo wa kikombe. Mistari myembamba kama moshi ndani ya rezini ina maana kwamba bado. Kwa kazi ambayo lazima iwe safi, mimina mchanganyiko kwenye kikombe cha pili bila kukikwangua cha kwanza, na ukoroge tena dakika moja, kwa kuwa ile rezini mbichi iliyojificha kwenye kuta inabaki nyuma. Gramu mbili tatu utazipoteza, lakini huo ni upotevu wa baada ya kuchanganya.

Limebaki lile la kuganda mkononi. Epoksi inapogandamana hutoa joto, joto hilo huharakisha kuganda, na kuganda huko huleta joto zaidi. Muda wa kazi uliotajwa kwenye chupa kwa kawaida umepimwa kwa gramu 100 au 150 katika nyuzi 25 za Selsiasi, na kwa makadirio ya mafundi muda huo hupungua kwa nusu joto linapopanda nyuzi 10. Pangani mchana wa Februari, kwenye nyuzi 32 au 33, dakika 30 za kwenye lebo si ajabu zikabaki dakika 15 hadi 20. Chupa zako ziweke kivulini juu ya sakafu ya saruji, wala si juu ya bati au kwenye dirisha. Mara tu unapomaliza kukoroga, mimina mchanganyiko kwenye sahani ya plastiki yenye kina kifupi, utandae, upoteze joto. Gramu 80 zilizotandazwa zitakupa muda mrefu zaidi kuliko gramu 80 hizo hizo zilizorundikana ndani ya kikombe chembamba. Kazi ikihitaji gramu 200, changanya mara mbili.

Ukitaka kuokoa mali zaidi ya hapo, panga kazi kabla ya kufungua chupa. Asubuhi zungukia mashua, weka alama kwa chaki kila ufa na kila tundu la msumari, piga msasa yote, futa vumbi yote, kata vitambaa vyote, ndipo uchanganye. Zaidi ya kazi kuu ya kikombe hicho, tenga kazi mbili tatu ndogo za kumalizia mabaki: matundu ya skrubu, ncha za mbao zinazonyonya maji, kishikio cha patasi kilicholegea. Unga wa mbao wa kuifanya iwe nzito utie baada ya rezini na hadena kukorogwa na kuisha, kamwe si kabla. Na usichanganye chini ya gramu 30 kwa jumla, hata kama ufa wako unahitaji gramu 5, maana gramu 25 zitakazosalia ni nafuu kuliko kuurudia ufa huo.

Kama siku ni ya unyevu, wakati wa masika hasa, utaona epoksi iliyokauka vizuri ina utando wa mafuta juu yake. Huko si kunata ulikouliza. Aina nyingi za hadena hufanya hivyo zinapokutana na unyevu na hewa. Utando huo unaoshwa kwa maji na sifongo ya kukwangulia vyombo kabla ya kupiga msasa au kupaka tabaka jingine. Ukianza na msasa utausukumiza ndani ya mikwaruzo, na rangi itabanduka baadaye.

SWALI: Natengeneza meza za mbao na epoksi ya kung'aa hapa Njombe. Mwezi wa Julai dumu langu la rezini liliingia ukungu na chini yake pakawa na chembe kama sukari. Muuzaji anasema imeharibika. Je, niitupe?

JIBU: Usiitupe. Hiyo imeganda kwa baridi jinsi asali inavyofanya, na Njombe ya Julai inatosha kabisa kuifanya hivyo. Weka dumu lililofungwa vizuri ndani ya ndoo ya maji ya moto ambayo mkono hauwezi kukaa ndani yake lakini hayachemki, nyuzi 50 hivi, ubadilishe maji yakipoa, huku ukilitikisa dumu taratibu kila baada ya muda, hadi rezini iwe safi kabisa hata kwenye mdomo na kwenye uzi wa kifuniko. Chembe moja ikibaki itawaita wenzake upya. Kisha iache ipoe hadi joto la kawaida la chumba kabla ya kuipima, kwa sababu rezini ya moto hufupisha muda wako wa kazi vibaya sana. Kamwe usiiweke juu ya jiko.

Baridi ina adha nyingine ambayo hukuiuliza: rezini huwa nzito, inashika mapovu na haichanganyiki upesi. Vipashe moto kidogo vyote viwili, rezini na hadena, hadi vifikie nyuzi 20 hadi 25, utaona mapovu yanapanda yenyewe. Rangi za maji usizitie kabisa, maana maji huichafua epoksi. Tumia poda au rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya rezini, na kidogo tu.

SWALI: Nafanya viraka vya faiba kwenye boti za polyesta hapa Mombasa. Ndoo ya rezini nikiigawa kwa viraka vidogo sijui nitie matone mangapi ya katalisti. Nikikisia, mara inachemka, mara haikauki. Kuna njia ya uhakika?

JIBU: Ipo, nayo inaanza kwenye mati, si kwenye rezini. Chukua kiraka cha sentimita 30 kwa 40 chenye mati tatu za gramu 450 kwa mita ya mraba. Eneo lake ni mita za mraba 0.12, kwa hiyo kila mati ina gramu 54 na zote tatu gramu 162. Mati ya namna hiyo hunywa rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake, hivyo unahitaji kama gramu 360. Afadhali uzichanganye katika vikombe viwili vya gramu 180. Ukiwa na mizani, zikate mati, zipime zote kwa pamoja, na hesabu ya eneo huihitaji tena.

Katalisti kwa kawaida hutiwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini, na kwenye joto la Mombasa anzia asilimia 1. Kwa gramu 180 hizo ni gramu 1.8, na kwa kuwa mililita moja yake ina uzito unaozidi gramu moja kidogo, mililita 1.6 ndani ya sirinji isiyo na sindano zinatosha. Matone achana nayo, maana tone la chupa hii si sawa na tone la chupa ile. Usishuke chini ya kiwango cha kiwanda kwa ajili ya kujiongezea muda, kwani kiraka kitaonekana kimekauka juu huku ndani kikiwa hakijakamilika. Kama joto linakusumbua, anza kazi alfajiri.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyaacha. La kwanza, kama rezini yako haikuja na kobalti (dawa ya kuisaidia katalisti kufanya kazi) ndani yake na unaitia mwenyewe, ichanganye kwenye rezini hadi iishe kabisa ndipo ulete katalisti, na chupa zake zikae rafu mbali mbali, kwa sababu kobalti na katalisti zikikutana zenyewe hulipuka. La pili, katalisti ikiruka jichoni inaweza kulipofusha. Vaa miwani ya kazi hata kwa mililita moja, uwe na maji safi mahali unapoyafikia bila kuona, na likikupata osha jicho mfululizo kwa dakika 15 au zaidi huku mtu akitafuta gari la kwenda hospitali.

Vikombe visiwe vile vyeupe vyepesi vya kunywea chai, kwa kuwa polyesta huviyeyusha na kukumwagikia miguuni. Makopo ya mtindi na ya aiskrimu ni mazuri zaidi, maana rezini ikishaganda ndani ukikiminya kikombe tonge lote linaruka nje, nawe unakitumia tena. Kikombe kinachoanza kutoa moshi kabla hujamaliza kitoe nje, kiweke juu ya mchanga mbali na asetoni na vitambaa, ukiache hapo hadi kipoe.

Fundi huyo huyo aliongeza mstari mmoja chini ya barua, akiuliza kama ni sawa kunawa mikono kwa asetoni. Hapana. Asetoni hukausha ngozi na kuifungulia njia rezini, na kwa upande wa epoksi, mtu ambaye ngozi yake imekwisha kuikataa hadena mara nyingi huwashwa kila anapoikaribia kwa maisha yake yote, na ufundi huo huuacha. Vaa glavu za nitraili tangu unapofungua chupa, zibadilishe zinapochafuka, na kikikufikia chochote kifute kwa kitambaa kikavu kisha unawe kwa sabuni na maji mengi. Siki nyeupe iache iwe ya kusafishia vijiti na sahani za epoksi ambayo bado haijaganda.